Nani Alisema Wazazi wa Kakanda Walijiuzulu?

Leo nataka kusahihisha kosa langu mwenyewe. Kosa liko kwenye ukurasa wa 31 wa TFC yangu ya graduat katika historia, kazi iliyonipa distinction, na ambayo nadhani mpaka leo imo kabatini mwa idara kama panya hawajaifikia. Humo niliandika, kwa Kifaransa kilichonyooka kabisa, kwamba sababu mojawapo ya masomo kuanguka katika kampu za zamani za Gécamines ni "démission des parents". Yaani wazazi walijiuzulu. Waliwaacha watoto mikononi mwa wengine, wakaenda zao.

Sentensi hiyo sikuitunga. Kila aliyesoma kwetu ameisikia: mkaguzi akitembelea darasa, padri kwenye mahubiri ya mwezi wa kenda, mkubwa wa masomo siku ya kutangaza matokeo. Mimi niliikuta imelala pale, nikaipachika tarakimu ya ukurasa, ikawa sayansi.

Nikarudi nyumbani Kakanda. Kwa wasiopajua: Kakanda ni mji mdogo wa migodi kati ya Likasi na Fungurume, pembeni ya njia kuu inayokwenda Kolwezi. Kuna mgodi, kuna kiwanda cha kuchambua mawe ya shaba na kobalti, kuna kampu yenye nyumba zilizopangwa mistari kama daftari, na kuizunguka kampu kuna mitaa iliyojijenga yenyewe. Mama alikuwa uani anachuja munkoyo wa kuuza. Akasema nimsomee ile kitabu yangu. Nikawa nasoma na kugeuza kwa Kiswahili, najisikia mkubwa, mpaka nikafika ukurasa wa 31.

"Soma tena pale pa bazazi," akasema.

Nikarudia.

"Bazazi gani?"

"Wazazi wa hapa, mama. Kwa jumla."

"Na miye niko mu ile jumla?"

Sikujibu. Akaweka kichujio chini, akaingia ndani, akatoka na mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kamba ya mpira. Ndani mlikuwa na risiti za shule, zangu na za wadogo zangu wanne, kuanzia 1996. Za kwanza zimeandikwa kwa zaire mpya, halafu kuanzia 1998 zinageuka kuwa franka. Pesa ilibadilika jina, rais alibadilika, nchi ilibadilika jina, risiti zinaendelea tu. Nyingine ni vipande vya karatasi ya daftari vyenye sahihi na mhuri uliofifia: kalipa nusu, kabakiza, kamalizia. Sikuzihesabu siku hiyo, kwa aibu. Nilizihesabu baadaye. Ziko 214.

Basi, wacha niisimulie historia jinsi nilivyopaswa kuisimulia tangu mwanzo, nikianza na babu.

Babu yangu alitoka upande wa Kabongo, akaandikwa kazi na Union Minière du Haut-Katanga, akaanzia Likasi, ambayo tangu 1931 iliitwa Jadotville. Baadaye ndipo akahamishiwa Kakanda. Union Minière ilianzishwa 1906. Katika miaka yake ya kwanza haikutaka familia. Ilitaka mwanaume, mikono miwili, kwa miezi michache, halafu arudi kwao au afe, aletwe mwingine. Waliwatoa Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, hata Ruanda-Urundi. Lakini kuandika watu mbali ni gharama, na waliokuja walikufa kwa wingi au walitoroka. Kuanzia 1928 hivi kampani ikageuza siasa: mikataba ya miaka 3, mfanyakazi aje na mke, wapewe nyumba kampuni, wazae hapohapo. Kitoto kilichozaliwa kwenye kampu kilikuwa mfanyakazi wa kesho ambaye hahitaji kusafirishwa kwa treni. Hilo si tusi langu, ndiyo ilikuwa hesabu yenyewe, na Dokta Léopold Mottoulle, aliyeisimamia siasa hiyo kwa miaka mingi, aliiandikia kitabu mwaka 1946 akieleza matunda yake kwa fahari.

Ili hesabu itimie, mtoto alipaswa kuchukuliwa mapema. Kampani ilijenga shule, wamisionari Wabenedikto wa Monsinyori de Hemptinne wakapewa kuziendesha, na watawa wakawashika wasichana. Mama mjamzito alifuatwa, mtoto mchanga akapimwa uzito, akipata umri akaenda masomo, akimaliza akaenda kujifunza ufundi au ukarani. Mama naye aliitwa kwenye foyer kujifunza kushona, kupiga pasi na kupika kama walivyotaka mabibi wa Kizungu. Kila hatua ya malezi ilikuwa na ofisi yake.

Na baba? Babu alisimulia kwamba mtoto akikosa shuleni, habari haikupelekwa nyumbani. Ilipelekwa kwa shefu wa kampu, na baba akaitwa ofisini kujieleza mbele ya mtu aliyeshika pia daftari ya posho. Na posho mnajua: bunga, samaki, mafuta, vilivyopimwa kwa idadi ya mke na watoto walioandikishwa. Kwa hiyo watoto walikwenda shule, tena kwa utaratibu ambao leo tungeutamani. Ila angalia njia iliyopitia amri: kutoka shule kwenda ofisi ya kazi, kutoka ofisi kwenda kwa baba, kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Mzazi alikuwa mjumbe wa mwisho, kama nyampara. Hakuna mahali popote katika mnyororo ule ambapo shule ilimuuliza mzazi kitu.

Mottoulle na wenzake hawakuficha fikra zao: mfanyakazi mweusi ni kama mtoto, anahitaji mlezi. Sasa fikiria nyumba ambamo baba ni mtoto wa kampani. Watoto wake ni wa nani? Watu wa kampu walijibu wenyewe kwa msemo ambao wazee bado wanautoa: kampani njo baba, njo mama. Wengine wanausema kwa shukrani, wengine kwa mdomo uliopinda. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kilichotoka 2001, na jina lake linawaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Nilikisoma kwa ajili ya TFC. Nilikinukuu mara sita. Kumbe nilikisoma nikitafuta sentensi za kukata, sikukisoma kusikia kinachosema: kwamba mamlaka ya baba katika familia ya mfanyakazi yalichukuliwa kwanza na kampani, muda mrefu kabla hajalaumiwa kwa kutokuwa nayo.

Lazima niongeze kitu ambacho wana wa kampu tunapenda kukisahau. Nje ya uzio kulikuwa na watu wengine: Wasanga wenye ardhi yao, wauza makala, wauza soko, wakulima. Watoto wao hawakuwa kwenye daftari ya posho, na shule ya kampani haikuwa yao. Familia ya mama yangu ni ya upande huo. Baba yake alilima mahindi na kuuza makala barabarani. Kama kijiji kilitaka darasa, wanaume walifyatua tofali na wanawake walichota maji, na mwalimu alilishwa kwa zamu. Kwa hiyo mama alikua akijua kwamba masomo ni kitu ambacho wazazi wanabeba kichwani. Baba, mtoto wa kampu, alikua akijua kwamba masomo ni kama bomba la maji: unafungua, yanatoka. Walioana watu wa historia mbili, na mimi nilizaliwa katikati bila kujua.

Uhuru ulipita, Katanga ikajitenga ikarudi, na mwaka 1967 Mobutu akaitaifisha Union Minière, iliyokuja kuwa Gécamines. Mwaka 1974 akazichukua pia shule za makanisa, na 1977 akazirudisha kwa mkataba, ndiyo maana mpaka leo tunasema "conventionnée". Ndani ya kampu hayo yote hayakubadili sana. Shule ziliendelea kulipiwa na kazi. Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba mwaka 1986, na katika shaba hiyo kulikuwa na chaki, madawati na mishahara ya walimu. Baba aliingia kazini katika miaka hiyo. Aliwahi kuniambia kwamba tangu aanze darasa la kwanza mpaka anamaliza ufundi, baba yake, yaani babu, hakukanyaga shuleni hata siku moja, na hakuna aliyemwona mzazi mbaya.

Halafu bomba likakauka.

Mnaijua habari, lakini ngoja niiweke kwa mpangilio maana mpangilio ndio unaoonyesha ubaya wake. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 uporaji ukazikumba Kinshasa na miji mingine. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala stesheni wakisubiri treni, na kati yao walikuwamo walimu wengi waliotufundisha kusoma. Mwaka 1994 shaba ya Gécamines ilifika karibu tani 30,000 tu. Mshahara wa mwalimu wa leta ulikuwa umeyeyuka kwa mfumuko wa bei kiasi kwamba gharama ya kwenda kuuchukua ilikaribia mshahara wenyewe. Walimu waligoma. Shule zilifungwa.

Hapo ndipo kilipozaliwa kitu tulichokiita primu. Kuanzia 1992 na 1993, wazazi, walimu na wakubwa wa makanisa, Kanisa Katoliki mbele, walikubaliana kwamba mzazi ataongeza kitu mkononi mwa mwalimu ili darasa lifunguliwe. Ilikuwa dawa ya muda. Ilidumu zaidi ya robo karne. Tafakari, msomi mwenzangu: serikali kubwa hivi, yenye dhahabu, almasi, shaba na kobalti, iliendesha masomo yake ya msingi kwa pesa za wauza munkoyo. Hakuna mtu aliyejiuzulu pale isipokuwa mmoja, na huyo hakuwa mzazi.

Mimi nilianza darasa la kwanza 1996, moja kwa moja ndani ya primu. Asubuhi ya Jumatatu, baada ya bendera, orodha ilisomwa. Jina lako likitajwa unatoka mstarini na kwenda nyumbani. Sitaitaja shule, maana kila shule ilifanya hivyo, na mwalimu wangu aliyenirudisha nyumbani alikuwa na viatu vilivyotoboka kuliko vyangu. Unafika nyumbani, mama anakuona kwa mbali, hakuulizi kitu. Anaingia kuchukua mkebe kuona kilichobaki.

Baba alikuwa na namna yake. Nilipofukuzwa mwaka 2002, nikiwa naanza sekondari, alivaa koti lake la Jumapili, akatoka. Nilidhani anakwenda shuleni. Alikwenda ofisi ya kazi, huduma ya wafanyakazi, kama babu alivyokuwa akiitwa pale. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane. Karani hakuwa na la kumwambia, maana yeye pia hakuwa amelipwa. Baba akarudi, akatundika koti, akala bukari kimya. Kwa miaka mingi nilimlaumu kwa siku ile. Niliona mtu asiyejali, aliyeshindwa hata kuuliza njia ya shule. Sasa naona mtu aliyekwenda kumtafuta mzazi wa watoto wake kwenye anuani pekee aliyofundishwa.

Mwaka uliofuata ulikuja mpango wa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa na Benki ya Dunia. Wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka, wengi baada ya miezi mingi mno bila mshahara. Hiari yake kila mtu wa Kakanda, Kambove, Likasi na Kolwezi anaijua. Baba alichukua pesa, akanunua mashine ya kusaga mahindi, mashine ikafanya kazi miaka miwili. Pamoja na kazi vilikwenda pia haki ya hospitali, bunga na shule. Na vijana wa rika langu walianza kupungua darasani. Uliwakuta kwenye mashimo, na wasichana mtoni wakiosha mawe. Watu wa miradi walipokuja na makoti yao ya kung'aa kuuliza kwa nini watoto wako migodini, ripoti nyingi zilikuwa na sehemu moja juu ya "uhamasishaji wa wazazi". Yaani wazazi waelezwe umuhimu wa masomo. Mama alihudhuria uhamasishaji mmoja wa namna hiyo. Alipewa kofia.

Nataka kukaa kidogo kwenye siku moja ya mwaka 2005, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Uliitwa mkutano wa wazazi. Kwa sheria kila shule ina kamati ya wazazi, ile COPA, na wazazi wana viti pia katika baraza la kusimamia shule. Kwa vitendo, mkutano uliitwa kuwatangazia wazazi primu mpya. Mkubwa wa masomo aliongea Kifaransa, mtu mmoja akafupisha kwa Kiswahili. Hotuba ya nusu saa ilitoka kwa sentensi tatu. Mama alinyoosha mkono. Aliuliza, kwa Kiswahili chake cha Kakanda: katika hizi pesa tunaleta, zinabakia hapa ngapi, na zinapandaka kule juu ngapi?

Hili ni swali zuri kuliko maswali yote ya TFC yangu. Waliosoma siasa ya elimu wanajua kwamba pesa za wazazi hazikuishia kwa mwalimu. Sehemu ilipanda ngazi, ofisi baada ya ofisi, na kila ofisi ilikata yake, kwa majina rasmi kabisa. Mfumo mzima wa utawala wa elimu uliishi kwa risiti zile. Mama hakusoma utafiti wowote. Aliona tu kwamba primu inapanda na viatu vya mwalimu bado vimetoboka, akapiga hesabu.

Alijibiwa kwamba hayo ni mambo ya ofisi. Katika muhtasari wa mkutano, ulioandikwa kwa Kifaransa, swali lake halimo. Nilikuwepo, nilikuwa nimekaa dirishani na wenzangu, na nitasema ukweli wangu: nilimwonea haya. Kwa Kiswahili chake, kwa kitambaa chake chenye unga wa mahindi, kwa kung'ang'ania. Nilitamani akae chini. Miaka michache baadaye nikaandika kwamba wazazi wamejiuzulu.

Yaliyompata mama si ya Kakanda peke yake, na hapa nitoke nje ya mipaka kidogo, mtanisamehe. Huko Marekani, wazazi waliotoka Meksiko na nchi nyingine za Kilatini wamesemwa kwa sentensi ileile: hawajali, hawaji mikutanoni. Mtafiti Guadalupe Valdés aliishi karibu na familia kumi zenye asili ya Meksiko, na mwaka 1996 akatoa kitabu juu yao. Alikuta wazazi wanaofanya kazi mchana na usiku ili mtoto asome, wanaomheshimu mwalimu kiasi cha kuona si adabu kumwingilia darasani kwake. Shule ilitafsiri heshima hiyo kama uvivu. Katika Kihispania chao neno "educación" halisemi vitabu tu, linasema pia malezi, mtoto kujua kusalimia na kukaa na watu. Sisi tungeelewa mara moja, maana na kwetu mtu anaweza kuwa amesoma sana na bado hakulelewa. Na wazazi haohao "wasiojali", miaka ya nyuma huko California, mwaka 1945, watano kati yao, mmojawapo Gonzalo Mendez, mkulima, walizishtaki shule zilizowatenga watoto wao. Walishinda 1946, na rufaa ikathibitisha 1947. Mimi nilipojua habari hiyo niliwaza mkebe wa biskuti.

Nirudi nyumbani. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Ikakaa kwenye karatasi miaka 13. Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi aliitekeleza, na sitamruhusu mtu anidharaulie siku ile. Watoto walimiminika shuleni. Wengine walikuwa na umri wa darasa la tano wakaketi la kwanza. Mama alichukua mkebe wake, akaufunga vizuri, akauweka juu ya kabati. Baba hakuwahi kuiona siku hiyo, alifariki 2012.

Lakini kuna kilichoingia pamoja na bure, na hapa wengine hamtakubaliana nami. Madarasa yalijaa watoto mpaka mwalimu hawezi kupita kati ya madawati. Walimu wengi walikuwa bado hawajaingia kwenye orodha ya mishahara ya leta, na primu iliyokuwa inawalisha ilikatwa. Nilipowauliza wazazi wa Kakanda kuhusu mikutano, jibu lilikuwa jepesi: mikutano ya nini, kwani tunalipa? Mlango wao wa kuingilia shuleni ulikuwa pesa. Pesa ilipoondolewa, ambalo ni jambo la haki, hakuna aliyefungua mlango mwingine. Nawasikia wakubwa wa elimu wakianza tena ile nyimbo: serikali imefanya yake, sasa tatizo ni wazazi.

Na mimi je? Mimi niko Likasi, nina kazi, nina kitambulisho chenye picha. Binti yangu anaishi na bibi yake Kakanda na yuko darasa la nne. Kila mwezi natuma pesa kwa simu: madaftari, viatu, kitu kidogo cha mwalimu wa masomo ya jioni. Ujumbe unaingia kwamba imepokelewa, naendelea na shughuli. Mwaka jana mama alinipigia akaniuliza jina la mwalimu wa mtoto wangu. Sikulijua. Alinyamaza kidogo kisha akasema, bila hasira, "Weye unakuwa sawa na kampani."

Sijapata tusi zito kuliko hilo tangu nizaliwe.

Juma lililopita alinitumia picha nne za simu, zimepigwa zikiwa zimepinda, kidole chake kinaonekana pembeni. Ni muhtasari wa mkutano wa COPA, kurasa nne za Kifaransa. Amechaguliwa mjumbe, yeye na mama mwingine anayeuza samaki, na Jumamosi wanakutana tena juu ya choo cha wasichana ambacho pesa zake zilitolewa na hakijaonekana. Anataka kila mstari kwa Kiswahili, si ufupisho. Nimefika ukurasa wa tatu. Kwenye ukurasa wa pili, namba 4, kuna sentensi inasema kwamba mjumbe mmoja aliuliza kiasi kilichopokelewa na kiasi kilichotumika, na kwamba jibu litatolewa kikao kijacho. Hawakuandika jina la mjumbe. Nimeiandika kwa wino mwekundu ili aione haraka, na Jumamosi naomba ruhusa kazini, nashuka Kakanda na basi ya asubuhi.